Lita nane zilizozua ugomvi



Katika nyumba moja hapa Wingwi, ami na mtoto wa ndugu yake walikaa karibu wiki mbili hawasemezani. Sababu ilikuwa petroli. Hatutawataja majina, maana ni watu wetu, na mke wa ami amesoma katika darasa letu. Wao wenyewe wamekubali tueleze kisa chao, kwani ugomvi wa namna hii unaweza kuingia nyumba yoyote yenye gari moja na madereva wengi.

Gari yenyewe ni ndogo, ya mtumba kutoka Japani. Mwenye gari ni ami. Wanaoiendesha ni watatu. Ami mwenyewe huenda nayo Chake Chake kwa shughuli zake. Kijana hupakia magunia ya mwani kutoka pwani, na akiamshwa usiku hupeleka mgonjwa Micheweni. Wa tatu ni shemegi wa ami, ambaye huiazima siku za harusi na maziko.

Ami alitaka kujua gari yake inakula mafuta kiasi gani, basi akanunua daftari. Akajaza tangi mpaka juu, akaandika namba aliyoiona kwenye mita ya kilomita: 84,210. Baada ya wiki kadhaa akajaza tena mpaka juu. Mita ilisoma 84,530, na pampu ilionyesha zimeingia lita 20. Akafanya hesabu kama tunavyofundishana darasani. Toa 84,210 katika 84,530, unapata kilomita 320. Gawa kwa 20, unapata 16. Yaani lita moja, kilomita 16. Ami alifurahi sana, akaitangaza gari yake mpaka barazani.

Mwezi uliofuata akamwambia kijana, "Na wewe uandike kila unachotia." Kijana akaandika, hata chupa moja hakuiacha. Walipojaza tangi na kupiga hesabu, ikaonekana gari imekwenda kilomita 308 kwa lita 28. Gawanya, utapata 11.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Mwanangu, mwezi uliopita kilomita 16, leo 11. Mafuta yangu yanakwenda wapi?"

"Ami, wallahi sikuuza hata tone. Nilichotia ndicho nilichoandika."

Ami hakuridhika. Akachukua ufunguo, akauweka mfukoni.

Aliyevunja fundo hili ni mke wa ami. Yeye hupima mwani wake na kuandika kilo kila siku ya mauzo, kwa hiyo daftari si jambo geni kwake. Akalifungua lile la gari, akasoma ukurasa wa mwezi wa kwanza kwa utaratibu, kisha akasema, "Hebu ngoja kwanza, Bwana. Mwezi ule kaka yangu alipoazima gari aliirejesha ametia lita tano, akasema ni ahsante. Na ilipokuzimikia njiani, kijana alikuletea chupa mbili za lita moja na nusu. Hizo ziko wapi hapa?"

Hazikuwapo. Tano na tatu ni nane. Nane ukijumlisha na zile 20 unapata lita 28. Sasa gawa kilomita 320 kwa 28: unapata 11 na nusu kasoro kidogo. Kumbe gari ilikuwa ikila vile vile miezi yote miwili. Ile 16 haikuwapo hata siku moja.

Tusimame hapa kidogo. Lita isiyoandikwa haiharibu hesabu kwa kuifanya gari ionekane mbaya. Huifanya ionekane nzuri kupita kiasi. Kisha akija mtu mkweli akaandika yote, hesabu inashuka ghafla, na yule mkweli ndiye anayeshukiwa. Kijana angalinyamaza na chupa zake, asingeulizwa neno.

Tulimwuliza ami kwa nini hakuziandika zile lita tano za shemegi yake. Akatujibu kwamba aliona haya. Mtu amekufanyia hisani, wewe unakwenda kuiandika kitabuni kama deni? Itaonekana masimango. Sisi tunaona hoja hii ina uzito, na hapa kwetu haifai kuipuuza. Lakini inatatulika. Lita ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Katika daftari la mafuta andikeni tarehe, namba ya kilomita, na lita zilizoingia. Nani amelipa, acheni. Injini haijui kama petroli imenunuliwa, imekopwa au imetolewa kwa mapenzi. Yote inaichoma sawasawa. Mkitaka kugawana gharama, wekeni daftari la pili, wenyewe kwa wenyewe.

Sasa njia yenyewe. Anzeni na tangi lililojaa na malizeni na tangi lililojaa. Katikati hapo tieni kidogo kidogo mnavyoweza, lita mbili leo, tatu kesho, mradi kila moja iandikwe. Baadhi ya wasomaji watasema, nani hapa ana fedha ya kujaza tangi kila mara? Hapana haja ya kila mara. Hata mkijaza mara moja kwa mwezi, wakati fedha ya mwani au ya samaki imeingia, inatosha. Kisha jumlisheni lita zote zilizoingia baada ya kujaza kwa kwanza, pamoja na zile za kujaza kwa mwisho. Zile zilizojaza tangi mara ya kwanza hazihesabiwi. Ni mwanzo tu.

Andikeni lita, msiandike shilingi. Bei ya mafuta Zanzibar hutangazwa kila mwezi na ZURA, na huweza kupanda au kushuka. Tuseme lita moja ni shilingi 2,500: kwa shilingi 10,000 utapata lita nne. Ikifika shilingi 2,800, fedha ile ile inakupa lita tatu na nusu na kidogo tu. Aliyeandika "elfu kumi" mara zote mbili atadhani ametia sawa.

Mshale wa tangi nao msiutegemee. Pemba yetu ni vilima na mabonde; gari ikisimama mteremkoni petroli huegemea upande mmoja, na mshale hukuambia jingine. Kwa sababu hiyo hiyo, mnapojaza simamisheni gari mahali tambarare, na pampu inapojikata mara ya kwanza, basi, msiendelee kushindilia. Tena tumieni ile mita kubwa ya kilomita. Ile ndogo ya safari ina kitufe, na mtoto mmoja akikigusa inarudi sifuri.

Linabaki swali ambalo kila mwenye gari analitaka: nani kati yetu anamaliza mafuta? Hapa tunaomba subira. Tangi moja lililotumiwa na watu watatu haliwezi kujibu swali hilo. Ami anakwenda Chake Chake kwenye lami, peke yake, injini imeshapata moto. Kijana anapanda kutoka pwani kwenye njia ya mawe, gia ya kwanza na ya pili, magunia nyuma. Safari fupi zenye mzigo hula mafuta zaidi, hata dereva awe hodari namna gani. Magurudumu yenye upepo mdogo nayo hula, na hayo ni ya wote. Mkitaka kuwapima madereva kwa haki, wapeni njia moja, mzigo mmoja, na kila mmoja tangi lake la kuanzia na kumalizia. Bila ya hivyo mtamwonea mtu.

Na hesabu ikishuka kweli miezi miwili au mitatu mfululizo, huku lita zote zimeandikwa, anzeni kwa fundi kabla ya kuanza kwa kijana. Harufu ya petroli gari ikiwa imesimama, au doa chini yake asubuhi, ni dalili ya uvujaji, na uvujaji ni hatari ya moto licha ya hasara.

Juzi tulipita nyumbani kwao baada ya darasa. Ufunguo umerudi msumarini, na daftari limefungwa kwa uzi karibu na usukani, pamoja na kalamu. Tuliomba kulitazama. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mkono wa ami mwenyewe: "Lita 2, chupa. Nilitia jana, nikasahau."