Chujio la Maji: Kulifunga ni Siku Moja, Kulitunza ni Siku Zote

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia chombo kinachoonekana sasa katika nyumba nyingi za parokia zetu, yaani chujio la maji. Wengine wanalo la ndoo mbili za plastiki, wengine la chuma cha pua, na baadhi ya wenye maji ya bomba ndani wamefungiwa lile linalokaa chini ya sinki. Hilo ni jambo jema. Lakini lipo jambo moja linalotutia wasiwasi. Mara nyingi chujio linang'aa kwa nje na limefunikwa kitambaa kilichodariziwa vizuri, lakini ukifunua mfuniko unakuta mshumaa umevaa utelezi wa kijani. Mama mwenye nyumba anasema kwa moyo mweupe, "Sisi hapa tunakunywa maji ya chujio," na huku watoto wake wanaharisha kila baada ya wiki chache.

Chujio chafu laweza kuwa hatari kuliko kukosa chujio. Asiye na chujio anajua kwamba maji yake hayaaminiki, kwa hiyo anayachemsha. Mwenye chujio chafu haogopi kitu. Ndiyo sababu tunapenda kueleza namna ya kulifunga, na zaidi ya hapo namna ya kulitunza.

MSHUMAA UNAFANYA KAZI GANI?

Mishumaa tunayoitaja hapa si ile ya altareni. Ni udongo mweupe uliochomwa, yaani kauri, wenye umbo la mshumaa mnene ulio wazi ndani. Kuta zake zina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole kuingia ndani, na uchafu hubaki nje.

Ili kuelewa udogo wa vitundu hivyo tutumie kipimo cha mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Amiba wanaoleta kuhara damu husafiri katika maji wakiwa ndani ya vifuko vyenye upana wa mikroni 10 hadi 20. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo ni wadogo zaidi, kwani urefu wao ni mikroni moja hadi tatu na unene wao haufiki mikroni moja. Mshumaa mzuri una vitundu vya chini ya mikroni moja. Kwa hiyo vifuko vya amiba havipiti, na bakteria walio wengi hunaswa katika njia zake zenye kona nyingi.

Virusi ni habari nyingine. Virusi wa homa ya ini aina ya A, hata wakipangwa 30 kwa mstari mmoja, hawafiki mikroni moja. Jambo hili lilifahamika kwa njia ya mshumaa wenyewe. Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi katika maabara ya Louis Pasteur mjini Paris, Ufaransa, alitengeneza mshumaa wa kauri uliozuia bakteria. Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alitumia mshumaa wa aina hiyo kuchuja utomvu wa majani ya tumbaku yaliyokuwa na ugonjwa. Utomvu ule uliochujwa uliendelea kuambukiza majani mazima. Hapo wataalamu walianza kutambua kwamba vipo visababishi vya magonjwa vidogo kuliko bakteria, ambavyo leo tunaviita virusi.

Tunajifunza nini? Kwamba chujio la mshumaa hupunguza sana hatari, lakini halimalizi kazi yote. Maji ya kunywa yaliyochujwa yanapaswa pia kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini.

NINI KITANGULIE?

Familia nyingi huchemsha maji kwanza, kisha huyamimina katika chujio. Tatizo ni kwamba maji yaliyochemshwa hubaki safi kwa kadiri ya usafi wa chombo cha mwisho yanachopitia. Kama mshumaa una utelezi, mama amechoma kuni na mkaa bure. Tena maji ya moto hupasua mshumaa.

Utaratibu bora ni huu. Maji yenye tope yaache yatulie usiku mzima, kisha yachuje kwa kitambaa safi na kuyamimina taratibu katika ndoo ya juu. Yakishapita katika mshumaa, yachemshe mpaka yatokote kabisa, yaache yapoe, na yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko. Anayetumia dawa ya klorini aitie baada ya kuchuja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Akiitia kabla, tope litakula nguvu ya dawa, na kama mshumaa una makaa ndani, makaa hayo yataiondoa.

NAMNA YA KUFUNGA CHUJIO LA NDOO MBILI

1. Tafuta ndoo mbili mpya zenye mifuniko. Usitumie ndoo iliyowahi kuwekwa rangi, mafuta ya taa au dawa ya mimea. Nunua mshumaa mmoja au miwili pamoja na waša na nati zake, na koki ya plastiki. Ukiwa bado dukani, utazame mshumaa mwangani. Usikubali wenye ufa, wala ule ambao gundi yake imeachia pale kauri inapokutana na kitako.

2. Toboa tundu la kupitisha shina la mshumaa katikati ya kitako cha ndoo ya juu, na jingine mahali pale pale katika mfuniko wa ndoo ya chini. Toboa tundu la koki ubavuni mwa ndoo ya chini, vidole vitatu juu ya kitako. Tumia keekee au msumari uliopashwa moto, kisha parua kingo kwa kisu mpaka ziwe laini, ili mpira wa waša ukae sawasawa.

3. Osha ndoo kwa sabuni na suuza vizuri. Mshumaa usiupake sabuni. Uoshe kwa maji safi na brashi laini.

4. Vika waša ya mpira katika shina, pitisha shina tunduni, vika waša ya pili chini, kisha funga nati. Kaza kwa mkono tu. Ukitumia koleo unaweza kupasua kitako cha mshumaa.

5. Pandisha ndoo ya juu, mimina maji, kisha chungulia chini. Maji yanapaswa kudondoka kutoka ndani ya shina tu. Yakitiririka pembeni mwa nati, hayo hayakuchujwa. Rekebisha waša. Maji ya ndoo mbili za kwanza mwagia bustani.

6. Weka chujio juu ya meza imara, mbali na jua. Jua huotesha ule ukijani tuliokwisha kuutaja. Angalia pia watoto wasiweze kulivuta.

MATUNZO

Kila siku: funika ndoo zote mbili, na tumia koki. Mtu asichote kwa kikombe, hata kama ni mgeni wa heshima.

Kila wiki, au mara tu maji yanapoanza kudondoka polepole kuliko kawaida: nawa mikono kwa sabuni. Ondoa mshumaa na uusugue kwa brashi laini ambayo haina kazi nyingine, huku ukimwagia maji safi, mpaka weupe urudi. Usitumie sabuni wala steli wuli. Shina usilishike ovyo, maana huo ni upande wa maji safi. Kisha osha ndoo ya chini na mdomo wa koki kwa sabuni, na suuza kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Wengi husafisha ndoo ya juu na kuisahau ya chini, kumbe ya chini ndiyo tunayokunywa.

Kila unaposafisha: utazame mshumaa pande zote. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa mshumaa hauzibwi kwa gundi wala kwa nta. Ukiuona, tupa mshumaa na ununue mwingine. Dalili nyingine ya ufa ni kuona maji ya chini yana wingu wakati maji ya juu yana tope, au kuona maji yanashuka kwa kasi isiyo ya kawaida.

Wakati wa kubadilisha: mshumaa hulika kila unaposuguliwa. Fuata karatasi ya kiwanda. Mara nyingi muda wake ni miezi sita hadi mwaka mmoja. Mshumaa wenye makaa ndani huisha nguvu hata kama kwa nje bado unaonekana mzuri. Siku ya kuufunga, andika tarehe katika kipande cha plasta na ubandike ubavuni mwa ndoo.

WALIO NA CHUJIO CHINI YA SINKI

Chujio hili hufungwa katika bomba la maji baridi tu, baada ya koki ya kufungia maji, na hutoa maji katika bomba dogo la peke yake. Fundi akimaliza, hakikisha mshale uliochorwa juu ya kopo unaelekea maji yanakokwenda, na kwamba chini ya kopo pana nafasi ya kutosha kulifungua. Pitisha karatasi kavu katika maungio yote, na urudie asubuhi yake, kuona kama panavuja.

Muulize muuzaji waziwazi, je, ndani mna nini? Makaa peke yake huondoa harufu na ladha mbaya, pamoja na klorini iliyotiwa na mamlaka ya maji, lakini si kinga ya kutegemea dhidi ya vijidudu. Na kwa kuwa klorini imeondoka, maji hayo yasiwekwe siku nyingi chomboni.

Penye mgao wa maji, maji yanaporudi huja na kutu na tope. Fungua kwanza bomba la kawaida mpaka yawe maangavu, ndipo ufungue la chujio. Baada ya safari, acha maji ya chujio yatiririke dakika chache kabla ya kunywa. Wakati wa kubadilisha kichujio ukifika, funga koki ya maji, fungua bomba dogo ili mgandamizo uishe, kisha fungua kopo. Lioshe kwa sabuni, kagua mpira wake wa duara, weka kichujio kipya, na uandike tarehe.

CHUJIO HALIONDOI KILA KITU

Walio katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na wenzetu wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wanajua meno yenye madoa ya kahawia. Husababishwa na floridi iliyozidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mshumaa wa kauri hauiondoi, makaa ya kawaida hayaiondoi ipasavyo, na kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapopungua sufuriani floridi hubaki. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya utafiti wa njia hii, na Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio hivyo. Mkaa huo nao huchoka na lazima ubadilishwe.

Mahali pasipo na chujio hilo, maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi yatumike kwanza kwa watoto wenye umri wa chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi. Maji hayo nayo yachujwe na kuchemshwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote, hata yaliyochujwa. Maziwa ya mama yanamtosha.

TUSAIDIANE

Tatizo kubwa katika nyumba nyingi ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kutunza chujio. Baba anadhani mama anasafisha, mama anadhani binti anasafisha. Tunashauri kazi hii itajwe kwa jina la mtu na kwa siku, mathalani kila Jumamosi asubuhi. Watoto wakubwa wafundishwe, wavulana kwa wasichana. Katika jumuiya ndogondogo, familia chache zinaweza kuchanga na kununua mishumaa kwa pamoja, ili unapopasuka mmoja nyumba isikae mwezi mzima inakunywa kupitia ufa.

Basi leo, kabla ya kulala, funua chujio lako. Je, mshumaa ni mweupe? Ndoo ya chini iliosgwa lini? Tarehe ya kubadilisha mshumaa imeandikwa wapi? Ukikosa jibu la swali hata moja, chemsha maji ya kunywa ya kesho, na asubuhi anza na brashi.