Kaunta ya Mvule

Wengi mliopita kwetu Sparkbrook mwaka huu mmeniuliza kaunta ya jikoni nimeipaka nini. Jibu ni jepesi, ila lina hatari moja ndani yake, na kwa ajili ya hiyo nimeomba nafasi katika kitabu chetu.

Ubao wenyewe ni mvule. Wauza mbao wa huku huuita iroko, jina la Kiyoruba, basi mtu aweza kuzunguka duka zima akiutafuta mti wa kwao, kumbe ameuegemea. Hata meza nyingi za maabara katika shule za Uingereza zilitengenezwa kwa mti huo. Ukiuziwa meza kuukuu ya namna hiyo, usiitie jikoni. Hujui ilimwagikiwa dawa gani.

Kijana wangu alitaka tuupake rangi ya kahawia, ufanane na milango ya msaji ya Unguja. Nilikataa. Mvule mpya una umanjano, kisha mwanga huugeuza hudhurungi wenyewe. Mwenye ubao wa msonobari na apake rangi, lakini kabla ya mafuta, maana mti ulioshiba mafuta haunywi rangi tena.

Nilipiga msasa kwa kufuata nyuzi za mti. (Wazee wetu walitumia majani ya mti uitwao msasa, karatasi imerithi jina tu.) Vaa barakoa ya fundi, kwani vumbi la mvule huwasha na kubana kifua.

Hapo shangazi akaniletea chupa ya mafuta ya nazi. "Mwanangu, haya ndiyo yaliyotulea."

"Kweli, shangazi, lakini hayakauki."

Mafuta ya nazi, ambayo kwa baridi ya Birmingham huganda chupani, hubaki mtini hivyo hivyo mpaka yachache. Ya kitani hushika hewa yakawa magumu. Shangazi, ambaye baba yake alikuwa na jahazi, aliridhika nilipomtajia sifa, yale mafuta ya papa yaliyopakwa mbao za vyombo. Akauliza tu kama haya nayo yananuka.

Chagua mafuta ya kitani yanayolika, si yale yaliyotiwa dawa ya kukausha upesi. Paka kidogo, ngoja robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha mpaka pakauke, hata kama ni siku kadhaa, kisha rudia. Mimi nilipaka mara tatu, na mara tano kwenye ncha za ubao na ukingo wa sinki, ambako maji huingia upesi.

Sasa hatari yenyewe: vitambaa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi joto hilo mpaka kikawaka chenyewe, bila kiberiti, pengine saa kadhaa baadaye watu wamelala. Nyumba zetu hizi zimeungana kuta, moto wa jirani ni wako. Kwa hiyo usivitupe jaani vikiwa vimekunjwa. Vitandaze uani kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vitose katika debe la maji lenye mfuniko. Vyangu vililala ndani ya debe, nje, mbali na mlango.