Ndoa, Mkaa na Chipsi za Saa Tatu Usiku

Kila ikifika Januari magazeti hujaa ushauri wa kubadili maisha. Kula mboga, punguza mafuta, acha soda, tunza mazingira. Tunasoma, tunaitikia kwa kichwa, tunapeana gazeti. Ikifika Februari tumerudi kwenye chipsi mayai. Mimi nina maoni yangu kuhusu hili, na huenda yakawaudhi akina baba kadhaa: tabia nzuri nyingi hazifi kwa sababu sisi ni wavivu. Zinafia jikoni. Zinakufa kwa sababu jiko lenyewe haliziruhusu, na kwa sababu jiko hilo lina mwenyewe mmoja tu katika nyumba ya watu wawili.

Jiko ndilo linaloamua

Tuchukue wapenzi wa kawaida hapa Dar. Wote wana kazi, mmoja Posta, mwingine Mwenge, wamepanga Kimara. Wanatoka ofisini saa kumi na moja jioni, wanapambana na foleni, wanaingia ndani saa mbili kasoro, miguu inawaka. Kama wanapikia mkaa, hapo ndipo kazi inapoanza. Utoe majivu, upange mkaa, utafute cha kuwashia, upepee mpaka mkono uchoke, usubiri moto ukolee. Nusu saa imekwenda na sufuria bado haijabandikwa. Na kama mlipanga kula maharage, sahau, hayo ni masaa mengine mawili.

Basi mmoja anasema lile neno ambalo wote walikuwa wanalisubiri: "Tuchukue tu chipsi pale kona." Saa tatu usiku mnakula viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu mchana, vimefungwa vya moto kwenye mfuko laini wa plastiki, na soda pembeni. Chupa moja ya soda ya kawaida, ile ya mililita 350, ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Hakuna anayeweza kukaa mezani akajitilia vijiko 9 kwenye kikombe kimoja cha chai bila kuulizwa kama yuko sawa.

Sasa mwambie mtu huyu "badili mlo wako". Atakuelewa, ila kesho saa mbili usiku jiko litakuwa limepoa vile vile. Ndiyo maana mimi naanza na moto kabla sijazungumzia mchicha.

Moshi hauna mapenzi

Nyumba nyingi za kupanga hazina jiko la maana. Mpikaji anakaa koridoni au mlangoni, mvua ikinyesha anaingiza jiko ndani. Wengine huwashia mkaa kwa mafuta ya taa au vipande vya plastiki, na ule moshi mweusi unapita kwanza kwenye mapafu ya anayepepea, kisha ya mtoto aliyembeba mgongoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Na si kifua peke yake. Kuna magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu pia. Kwa hiyo mkeo anayekohoa kila usiku, usimwambie tu anywe tangawizi. Angalia anakaa wapi anapopika.

Jambo moja watu hawalielewi vizuri. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana wengi hudhani sasa ni salama kuuingiza chumbani, hasa wakati wa baridi kule Arusha, Njombe na Mbeya. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi, analala, haamki. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata kama limebaki na kaa mbili.

Na huko unakotoka, mkaa una gharama ambayo haiandikwi kwenye kopo. Kwa tanuru la udongo la kienyeji, kupata kilo 1 ya mkaa hutumika kilo 5 hadi 10 za kuni. Gunia linaloshushwa mtaani kwako ni kipande cha msitu wa Pwani, Morogoro au Tanga. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo zuri sana. Lakini mkakati wa serikali hauwezi kuingia kwenye bajeti ya nyumba yako kama ninyi wawili hamjakaa chini.

Hesabu ya kopo

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, naomba tusiharakishe.

Ukimuuliza mtu kwa nini anapikia mkaa, atakujibu ni rahisi. Sawa, tupige hesabu. Huu ni mfano tu, wewe weka bei ya mtaani kwako. Tuseme nyumba inanunua mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Haiumi, ni hela ndogo. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Sasa nenda dukani kaulize bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, na ukiununua andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya mtungi siku unayoufunga. Ukiisha, gawanya bei kwa idadi ya siku. Hapo utakuwa na jibu la nyumba yako mwenyewe, si la jirani wala la tangazo la redioni. Watu wawili wasio na watoto, wanaopika jioni tu, wengi wao watashangaa.

Kama ni hivyo, kwa nini mkaa haukomi? Kwa sababu ya namna tunavyogawana pesa. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mwanaume anaacha hela ya matumizi mezani asubuhi. Ndani ya hela hiyo kuna nyanya, vitunguu, mafuta ya kupimwa, na kopo la mkaa. Mtungi unataka hela kubwa kwa mkupuo, na hela hiyo iko kwenye mshahara, ambao hauko mikononi mwa mpikaji. Kwa hiyo anayeacha hela mezani hauoni mkaa, na anayeuona mkaa hana hela ya mtungi. Wanaweza kuishi hivyo miaka kumi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Mwanamke mmoja ninayefanya naye kazi alimaliza suala hili bila ugomvi. Kwa mwezi mzima aliandika kwenye daftari la shule kila alichotumia kununua mkaa, pamoja na viberiti. Mwisho wa mwezi akamwekea mumewe mezani, pale pale anapoachiwa hela. "Baba, naomba unisaidie kujumlisha," basi. Yule bwana ni mhasibu. Wiki hiyo hiyo mtungi uliingia ndani.

Kama mkupuo ni mzito, kuna kibubu. Cha bati au cha kwenye simu, vyote sawa. Weka kila siku ile hela ambayo ingekwenda kwenye kopo, hata nusu yake, kwa ajili ya mtungi unaofuata. Katika baadhi ya maeneo ya Dar kuna pia mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kadiri unavyotumia, mtindo ule ule wa LUKU. Nakubali gesi yenyewe inaagizwa nje na bei yake hupanda na kushuka na soko la dunia. Ndiyo maana mimi sipendi nyumba kutegemea moto wa aina moja. Presha kuka ya umeme inasaidia sana hapa. Chombo cha wati 1,000 kinapaswa kuwaka mfululizo saa nzima ili kimalize uniti 1 ya umeme, na presha kuka haiwaki mfululizo. Ikishapata presha inakata, inarudi, inakata. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kabla hiyo uniti haijaisha.

"Gesi italipuka"

Hofu hii ipo na mimi siicheki. Nimewahi kuingia nyumba ambayo mtungi umefunikwa kitambaa cha maua, haujaguswa tangu harusi, umekaa kama mgeni wa heshima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, sakafuni. Ndiyo maana imetiwa ile harufu mbaya ili uigundue mapema. Ukiisikia, usiwashe taa wala usizime, usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje. Mtungi usimame wima siku zote, usilazwe. Na kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti, jamani, na wapo wanaofanya hivyo.

Maharage ya Jumamosi

Sasa moto upo, tunaweza kuongea chakula. Siwapi orodha ya vyakula ishirini, nawapa tabia moja tu: Ijumaa usiku loweka maharage, choroko au kunde, Jumamosi asubuhi mwaga maji yale, chemsha nyingi kwa mara moja. Zikipoa gawa kwenye vibakuli vya kutosha mlo mmoja mmoja, weka kwenye friza. Cha Jumapili na Jumatatu kinakaa kwenye friji ya kawaida. Usiache sufuria juu ya meza tangu mchana mpaka usiku, kwa joto letu hili chakula kinaharibika kabla hakijanuka.

Jumatano mnarudi saa mbili kasoro, unatoa kibakuli, unaunga kwa kitunguu na nyanya na nazi kidogo, mchicha pembeni. Dakika ishirini, mko mezani. Ugali ukiwa wa dona, mmeongeza pumba na kiini ambavyo sembe imeviacha mashineni. Kona ya chipsi haijafungwa, ila imepoteza sababu yake kubwa.

Chumvi na mafuta navyo vinapungua bila mtu kujihisi yuko hospitali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ondoa kikopo cha chumvi mezani, kiache jikoni. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa huku macho yapo kwenye tamthilia. Mwenye presha au kisukari afuate alichoambiwa na daktari wake.

Halafu kuna kapu la bibi. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa ikichemka kwa nguvu dakika ishirini hivi, ifunike vizuri, itie kwenye kapu lililotandikwa blanketi na kanga kuukuu, funika juu, iache saa tatu au nne. Inajipikia yenyewe. Wali nao unakubali. Watu husema huo ni ushamba, nami nawaacha, maana gesi yao inaisha kabla ya yangu.

Na mkienda kuchukua chipsi, maana mtaenda tu, bebeni hotpoti yenu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chakula cha moto bado kinafungwa kwenye vimifuko laini. Mara ya kwanza muuza chipsi atawashangaa, ya pili atawazoea.

Nani anapepea?

Nimeweka swali hili mwisho kwa sababu akina baba wengi wangefunga jarida mapema. Mabadiliko yote niliyoyataja yanaongeza kazi kidogo: kuloweka, kugawa, kuandika tarehe, kubeba mtungi. Kama kazi hiyo yote inamwangukia mtu yule yule aliyekuwa anapepea mkaa, baada ya wiki tatu atachoka, na mtasema "haya mambo ya afya ni magumu". Si magumu, mmoja wenu tu ndiye anayeyafanya.

Msigawane kwa mafungu sawa kama mnagawa mali, kila mtu ashike kitu chake kimoja na asikumbushwe. Kwetu mume wangu ndiye mwenye maharage. Hajui kupika pilau na sina mpango wa kumfundisha, lakini Ijumaa akitoka kuangalia mpira, hata timu yake ikifungwa, anachambua mawe na kuloweka kabla hajalala. Mtungi ni wake pia, kubeba na kukagua kwa povu. Mimi nina kibubu, sokoni na daftari. Jiko la mkaa bado lipo, liko nje uani, linawashwa Jumapili za nyama choma tu, na anayepepea ni yeye.