Loweka maharage usiku, uokoe mkaa bila kuumiza tumbo

Jioni, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, hukosi kuona sufuria kubwa ya maharage yaliyochemshwa, muuzaji akiyapima kwa upawa. Wanaonunua si wavivu. Wamepiga hesabu ya mkaa wakaona kuchemsha nusu kilo kwa saa mbili au tatu hakuwalipi.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa anayetia jikoni maharage makavu kama yalivyotoka gengeni. Kwa anayeloweka, inabadilika. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva hutoa karibu kilo mbili na nusu za chakula. Kila gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, pamoja na madini ya chuma na foliki, ambayo mjamzito anaihitaji sana. Ukilinganisha na bei ya nyama, ni vigumu kupata mboga inayokupa zaidi kwa fedha hiyo.

Tatizo ni njia za mkato tunazotumia ili yaive haraka.

Ya kwanza ni magadi. Ni kweli yanalainisha. Lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu kwenye chakula, jambo ambalo mgonjwa wa shinikizo la damu hapaswi kulichukulia kirahisi, kwani ni sawa na kuongeza chumvi asiyoionja. Magadi ya mikoa ya kaskazini mwa nchi yetu yana pia madini mengi ya floraidi, na matumizi yake jikoni ni miongoni mwa sababu za meno ya watoto wa huko kuwa na rangi ya kahawia. Wapo pia wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu kwenye sufuria. Hilo halihitaji mjadala: dawa si kiungo, na ikizidi huharibu ini.

Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kuyaivisha nusunusu kwa moto mdogo. Maharage, hasa mekundu, yana protini iitwayo lektini ambayo ni sumu kwa utumbo. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Moto mkali huiondoa nguvu sumu hiyo. Moto hafifu usiofikisha maji kwenye kuchemka hauiondoi, na unaweza hata kuiongeza. Kwa hiyo yule anayepunguza mkaa tangu mwanzo ili “yajiivie polepole” anaokoa fedha mahali pasipofaa.

Afanyeje basi? Chagua maharage na kuyaosha jioni, kisha yaloweke kwa maji mengi, angalau mara tatu ya ujazo wake, kwa saa nane hadi kumi na mbili. Pwani kuna joto na maji huanza kuchacha, hivyo yabadilishe kabla ya kulala au weka chombo mahali pa baridi. Asubuhi mwaga maji hayo yote. Yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na ndiyo maana wanaolalamika kujaa tumbo mara nyingi hupata nafuu wakianza kuloweka.

Ukisahau usiku, chemsha kwa dakika mbili au tatu, epua, funika na uache saa moja. Kisha mwaga maji hayo na uanze upya.

Tia maji mapya na uache yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 kamili. 30 ni bora zaidi. Hapo ndipo unaweza kupunguza moto, au kuhamishia sufuria kwenye kapu la kutunza joto, na mkaa ukautumia kupikia wali. Mwenye sufuria ya presha atamaliza mapema zaidi. Anayetumia mkaa apikie nje au mahali penye hewa, kwa sababu gesi ya jiko hilo haina harufu na huua.

Nyanya na ndimu zisubiri. Asidi yake huzuia maganda kulainika, kwa hiyo unga maharage yakishaiva. Chumvi, licha ya inavyosemwa, haina kosa hilo. Na kama yamelowekwa usiku kucha na bado ni magumu, huenda ni ya msimu wa zamani yaliyokaa ghalani kwenye joto. Muulize muuzaji kama ana mapya.

Chuma cha maharage hakifyonzwi kirahisi mwilini. Kipande cha chungwa au kachumbari yenye ndimu husaidia, ilhali chai ya rangi baada ya mlo huzuia. Inywe saa moja au mbili baadaye. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kiasi anachoruhusiwa.

Ukipika mengi, yahifadhi chukuchuku bila nazi, maana nazi huchacha haraka. Yakipoa, yagawe kwenye vyombo vidogo na uyaweke kwenye friza. Asiye na jokofu apike ya siku moja, na yale ya mchana yasirudi mezani usiku kabla hayajachemka tena.