Ini Lenye Mafuta na Chakula Chetu



Katika gazeti letu hili tumezoea kuzungumza habari za palizi, miche, uanikaji na bei. Leo twaomba kuzungumza habari za mwenye mikarafuu mwenyewe, kwani shamba lisilo na mtu mwenye nguvu hugeuka msitu.

Kuna maradhi yaitwayo ini lenye mafuta. Mafuta yakizidi sehemu 5 katika 100 za ini, matabibu huhesabu kuwa ni maradhi. Wazee wetu waujua mkarafuu unaokufa ghafla: watu huuona umesimama na majani yake, kumbe chini mizizi imekwisha kuharibika. Ndivyo lilivyo ini. Mtu huweza kukaa miaka mingi asihisi kitu, ila pengine uchovu, au uzito chini ya mbavu za kulia. Kwa baadhi ya watu mafuta hayo huleta uvimbe ndani ya ini, uvimbe huleta makovu, na makovu yakienea ini hukakamaa. Hata saratani yaweza kuzuka. Na moyo nao huwa hatarini.

Wengi wetu tukisikia mtu ana ugonjwa wa ini hudhani ni mlevi. Kwa dhana hiyo mgonjwa huona haya, akaificha karatasi ya daktari hata kwa watu wa nyumbani mwake. Dhana hii haifai. Pombe huliharibu ini, hilo halina shaka. Lakini ini huweza kujaa mafuta kwa mtu asiyepata kuonja pombe maishani mwake. Sababu kubwa ni unene, hasa wa tumbo, na kisukari, na mafuta mengi katika damu. Ndiyo maana mwaka 2023 vyama vya matabibu wa ini wa nchi nyingi vililibadili jina la maradhi haya, yaitwe kwa namna mwili unavyotumia chakula. Hukadiriwa kuwa watu wazima kama watatu katika kila kumi duniani wanayo.

Na kwetu huingiaje? Wakati wa msimu mwili hufanya kazi: kupanda mikarafuu, kubeba magunia, kuchambua makonyo, kuanika na kuanua. Msimu ukisha, kazi hupungua na fedha zimo mfukoni, lakini sahani haipungui, pengine huongezeka. Asubuhi chai na vitumbua, mchana wali, alasiri soda barazani, usiku muhogo wa nazi na chai tena. Wanga na sukari vikizidi mahitaji ya mwili, ini huvigeuza kuwa mafuta.

Tuhesabu basi kama tunavyohesabu pishi. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 7 au 8. Jumla ni kama 20. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isipite kiasi cha vijiko 12 kwa siku, na ikishuka hadi 6 ni bora zaidi.

Habari njema ni kuwa ini, likiwahiwa, hurudi. Mtu mnene mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4, mafuta ya ini huanza kupungua. Akipunguza kilo 6 hadi 8, hata uvimbe waweza kutulia. Lakini asijishindishe na njaa. Nusu kilo kwa wiki yatosha, kwani kukonda kwa ghafla nako huliumiza ini.

Twashauri haya:

1. Sahani igawanywe. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, mabamia. Robo iwe samaki, kunde, choroko au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, muhogo, majimbi au shelisheli.

2. Tui liwe jepesi, na samaki achomwe au apikwe mchuzi badala ya kukaangwa kila siku.

3. Sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo, na soda iachwe. Kahawa chungu haina neno, bali yaonekana hulisaidia ini. Lakini halua na kashata zinazoifuata ziwe za siku mojamoja.

4. Mwezi wa Ramadhani saumu isifutwe na futari. Dini yetu imekwisha kutufunza kuligawa tumbo mafungu matatu, na fungu la pumzi ni mojawapo.

5. Nje ya msimu tutembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, au tushike jembe. Mwendo hupunguza mafuta ya ini hata kama mizani haijashuka.

Mwenye dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza wanga, sukari isije ikamshuka mno.

Tena liko neno ambalo sisi wakulima wa karafuu yatupasa kulisema kabla ya wengine. Karafuu ndani ya pilau au chai haidhuru. Lakini mafuta ya karafuu na ya makonyo si dawa ya ini, wala si ya kunywa. Wako watoto wadogo waliomeza kiasi cha mililita 10 tu, maini yao yakaharibika vibaya. Chupa hiyo ifungiwe mbali na watoto. Twayauza mafuta haya na twayaonea fahari, lakini hatutaki mwanachama ayanywe kwa kutafuta afya. Dawa za mizizi zisizojulikana kipimo nazo zaweza kulidhuru ini. Hata dawa iliyokubaliwa Marekani mwaka 2024 kwa wenye makovu hutolewa pamoja na chakula bora na mazoezi, wala si badala yake.

Mwenye tumbo kubwa au kisukari aende hospitali akapimwe damu, na daktari akiona haja, apigwe picha ya altrasaundi. Apimwe pia homa ya ini aina ya B, nayo ni maradhi mengine yenye chanjo yake.

Twawaomba makatibu wa matawi wawasomee makala haya wanachama wasioweza kusoma, na kila mmoja ayafikishe jikoni kwake, maana huko ndiko dawa iliko.