Beringi ya Gurudumu la Nyuma na Maji ya Chumvi

Abiria aendaye kisiwa cha Funzi, kilicho mbele ya mlango wa Mto Ramisi kusini ya Msambweni, huiacha barabara kuu ya Likoni na Lungalunga akapanda pikipiki hata kijiji cha Bodo, na hapo ndipo aingiapo mashuani. Na samaki watokao huko hurudi kwa njia hiyo hiyo, wamo tengani nyuma ya dereva, wakichuruza maji ya barafu na chumvi juu ya gurudumu. Beringi za nyuma zikifa, aghalabu lawama hutupiwa mashimo ya njia au uhafifu wa bidhaa za siku hizi. Mimi, bila ya kuyakanusha hayo, nayashitaki kwanza yale matone, kisha nyundo ya fundi.

Beringi, yaani pete mbili zenye gololi katikati yake, ni ya zamani kuliko pikipiki yenyewe, kwani Philip Vaughan wa Wales alipewa hataza ya gololi za ekseli ya gari la farasi mwaka 1794, na mwaka 1869 James Moore alishinda mashindano ya baiskeli ya Paris hadi Rouen kwa magurudumu yaliyokuwa na gololi. Feleji ya beringi itumikayo kwa kawaida hata leo, ijapokuwa ni ngumu mno, ina kromiamu kama asilimia 1.5 tu, hali feleji isiyoshika kutu huhitaji angalau asilimia 10.5; basi haina kinga ya chumvi ila grisi na ule mpira uizibao ubavuni. Maji yakishapenya, grisi huharibika, na uso uliokuwa laini kama kioo hupata vidonda vya kutu ambavyo kila gololi ipitayo huvipanua.

Dalili yake ya mwanzo ni uvumi wa kusaga uongezekao kwa mwendo, kisha mkia wa pikipiki huyumba, na cheni huanza kula meno ya sproketi upande mmoja. Mwenye shaka na aisimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, ashike tairi alisukume na kulivuta upande kwa upande. Likicheza, atazame kama mchezo ni wa gurudumu lenyewe au ni wa bushi za ule mkono ulioshika gurudumu, maana wengi wamenunua beringi zisizohitajika.

Ama katika kuitia mpya, hapa ndipo penye msiba. Fundi aigongaye pete ya ndani hupitisha pigo katika gololi, zikatoboa vishimo katika njia zake, na mteja akaondoka na beringi mpya iliyokwisha kufa. Pete ya kugongwa ni ya nje peke yake, kwa soketi iliyolingana nayo, na mwenye friza na ailaze humo beringi kwanza ili isinyae kidogo. Ya upande mmoja ikae hata mwisho wake, ifuate bushi ya katikati izitenganishayo beringi mbili, kisha ya pili iingie mpaka iguse bushi hiyo. Akiisahau bushi, nati ya ekseli itazibana pete za ndani na gurudumu litakuwa zito siku ile ile. Kuhusu kipande cha kopo la soda kinachotiwa mahali palipolegea, ni hila ya kumfikisha mtu nyumbani, wala si matengenezo. Na beringi zibadilishwe zote, pamoja na ile ya upande wa sproketi kama ipo.

Wakati wa kununua, isomwe namba iliyochorwa ubavuni: 6301 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 37 na unene 12, 6302 ni 15, 42 na 13. Herufi 2RS zaonyesha mpira pande zote mbili, na ZZ ni kifuniko cha bati kisichoyazuia maji vyema. Kwa njia ya Bodo, mpira ni bora.

Enyi mpakiao samaki, tandikeni plastiki chini ya tenga, yamwagikie pembeni maji yake, na jioni mlioshe gurudumu kwa maji baridi yasiyo ya mpira wa kasi. Na asikiaye uvumi ule asipakie mtu mpaka gurudumu limefunguliwa, kwa kuwa beringi ivunjikayo njiani huweza kulikaza gurudumu ghafula, na abiria hana alishikalo.