Kompyuta na Vali: Kazi ya Mhandisi Kemikali

Mnamo tarehe 12 Machi 1959, kompyuta iitwayo RW-300 ilianza kuongoza sehemu moja ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco mjini Port Arthur, katika jimbo la Texas, Marekani. Ilishughulikia mitiririko 26, halijoto 72, kanieneo 3 na michanganyiko 3. Yenyewe haikufungua vali; ilipiga hesabu na kuviagiza vidhibiti vya kawaida vishike kiwango gani. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ya Uingereza ilithubutu zaidi. Iliondoa vidhibiti hivyo na kuiachia kompyuta ya Ferranti vipimo 224 na vali 129.

Ikiwa kompyuta yaweza hayo yote, mhandisi kemikali ni wa nini? Jibu limo katika kuelewa kompyuta hufanya nini hasa.

Chukua tangi la maji lipashwalo moto kwa mvuke. Twataka nyuzi 80, nacho kipimajoto chaonyesha 74. Tofauti hiyo ya nyuzi 6 huitwa kosa. Kidhibiti hulitazama kwanza kwa ukubwa wake: kosa likiwa kubwa, vali ya mvuke hufunguliwa zaidi. Lakini kwa njia hii peke yake maji huenda yakatulia kwenye nyuzi 78, kwa kuwa kosa likipungua vali nayo hurudi nyuma, mpaka joto liingialo lilingane na lipotealo. Kwa hiyo kidhibiti hujumlisha pia makosa yote yaliyopita. Maadamu kosa dogo lingalipo, jumla huzidi kukua na vali huzidi kufunguka. Tena hupima kasi ya kosa kubadilika, ili kipunguze mvuke mapema kabla maji hayajapita nyuzi 80. Kalkulasi, somo linunwalo na wengi, ndiyo hiyo. Kanuni za kupanga uzito wa njia hizi tatu, walizozichapisha Ziegler na Nichols mwaka 1942, zingali zinafundishwa.

Kompyuta huyafanya haya bila kuchoka, lakini haijui kilichomo ndani ya tangi. Hujua tu iambiwayo na vipimo.

Tarehe 23 Machi 2005, mjini Texas City, kiwanda kilichokuwa mali ya BP kilikuwa kikiwasha tena mtambo wenye mnara wa urefu wa futi 170. Kwa muda wa zaidi ya saa 3 mafuta yalipigwa pampu kuingia mnarani, wala hayakutolewa. Kipimo cha kina kilionyesha chini ya futi 10, tena kikishuka. Sababu yake ni fizikia ya sekondari: kipimo hicho kilitegemea nguvu ya kueleza. Kilipozama chote, hakikuweza tena kutambua kina. Na mafuta yalipopata joto msongamano wake ulipungua, nguvu ya kueleza ikapungua, kipimo kikasoma kwamba kina kinashuka. Kengele ya pili ya kina cha juu nayo haikulia. Mafuta yalifurika, mvuke wake ukashika moto, watu 15 wakafa na 180 wakajeruhiwa.

Katika chumba cha udhibiti, mtiririko wa kuingia ulionyeshwa kwenye kioo kimoja cha kompyuta na wa kutoka kwenye kingine. Laiti vingalikuwa pamoja, hesabu ya kwanza kabisa afundishwayo mwanafunzi wa fani hii ingaliweza kuonekana kwa jicho: kilichoingia, ukiondoa kilichotoka, ndicho kilichobaki ndani. Kwa maoni yetu hesabu hiyo yapaswa kutangulia somo la programu, si kulifuata.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vifundishavyo uhandisi kemikali. Aitakaye fani hii ashike vema fizikia, kemia na hisabati.

Mwalimu aweza kuanza na swali hili. Tangi tupu la lita 1,000 huingiza lita 20 kwa dakika na kutoa 15. Baada ya dakika 120, kipimo chasema mna lita 150. Je, mwanafunzi atakiamini?